Barua ya wazi kwa mnaoshika hela za utafiti wa tiba Marekani: na sisi tupeni fomu ya ridhaa

Waheshimiwa wakuu wa NIH, taasisi za taifa za afya zinazogawa hela za utafiti, pale Bethesda, wakuu wa wizara ya afya pale Washington, na nyie makamu wakuu wa utafiti kwenye vyuo vikuu vyenye shule za udaktari, habari zenu. Natumai mko wazima, na wa nyumbani kwenu hawajambo.

Naandika kwa Kiswahili makusudi kabisa. Kiingereza nakiandika kila siku kazini, ripoti, imeili, bajeti, na mengi ya haya nilishayasema kwa Kiingereza kwenye vikao na kwenye zile fomu za kutoa maoni. Ila kuna watu wako Kanda ya Ziwa kule nyumbani Tanzania ambao maamuzi yenu yamewagusa na hakuna aliyewaambia kitu kwa lugha yao, kwa hiyo safari hii nimeona waanze wao kusoma, nyie mtatafsiriwa, watafsiri mnao wengi tu.

Kazi yangu ni granti, yaani hela za ruzuku ya utafiti. Sio daktari wala profesa. Niko shule ya udaktari ya chuo kikuu kimoja cha jimbo huku katikati ya Marekani, mwaka wa tisa sasa, na kama hujawahi kusikia kazi hii ipo basi ujue kila dawa unayosikia imegunduliwa na profesa fulani kuna mtu kama mimi alikaa mpaka usiku anahesabu mishahara ya maabara na kupima saizi ya herufi, maana ombi lisipokuwa kwenye mfumo kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku ya dedlaini limeenda na maji. Hela ikitoka nafuatilia inavyotumika. Kila mwaka naandaa ripoti ya maendeleo ili hela ya mwaka unaofuata itoke. Granti ya miaka mitano huwa haiji yote kwa mpigo, inakuja mwaka kwa mwaka, na hapo ndo penye kisa chote cha barua hii.

Nina jambo moja tu la kuwaomba, lakini lazima niwapitishe kwenye kitu kimoja kwanza, nacho ni fomu ya ridhaa.

Mnaijua vizuri, maana nyie ndo mnatulazimisha kuwa nayo. Kanuni ya shirikisho, 45 CFR 46, inasema huwezi kumtoa mtu damu kwa ajili ya utafiti kabla hujamweleza unachofanya, kitachukua muda gani, kina hatari gani, na akitaka kuuliza ampigie nani. Aelezwe kwa lugha anayoielewa yeye, sio lugha ya profesa. Na tangu toleo jipya la kanuni lianze kutumika Januari 2019, fomu inatakiwa ianze na muhtasari mfupi wa mambo ya msingi ili yasije yakafukiwa kwenye kurasa za ndani. Kukitokea jipya linaloweza kumfanya abadili mawazo, lazima aambiwe. Mimi fomu hizi nimezisoma mamia. Nimeshaona bodi ya maadili inarudisha fomu nzima kwa sababu namba ya simu ya mtu wa kupigiwa haikuwepo. Na walikuwa sahihi kuirudisha! Mama aliyeacha shamba lake akaja kukupa mkono umchome sindano ana haki ya kujua ampigie nani.

Sasa naomba tuangalie mwaka 2025 tukiwa tumeshika fomu hiyo mkononi.

Ijumaa Februari 7, 2025, NIH ilitoa tangazo kwamba ovahedi kwa granti zote italipwa asilimia 15, sio granti mpya tu, hata zilizokuwa zinaendelea, kuanzia Jumatatu Februari 10. Ijumaa mpaka Jumatatu. Kwa wasioijua lugha hii, ovahedi ni ile hela inayolipa vitu ambavyo huwezi kuviandika kwa jina la mradi mmoja, umeme wa jengo, fundi wa mitambo, bodi ya maadili yenyewe, walinzi, na sisi watu wa granti tumo humo humo. Kila chuo kilikuwa na kiwango chake kilichokubaliwa na serikali baada ya kukaguliwa, vingine vimepita asilimia 60. Tangazo lenyewe lilisema mwaka 2023 NIH ilitoa dola bilioni 35 hivi na kati ya hizo bilioni 9 zilikuwa ovahedi. Ni hela nyingi, sikatai, na mtu akisema tukae tuulize zinaenda wapi mimi nitakuwa wa kwanza kufungua daftari. Lakini Ijumaa jioni? Bosi wangu alikuwa ameshavaa koti anaenda kumchukua mtoto shule, akalivua, tukakaa ofisini mpaka saa nne usiku tunapiga hesabu nani atabaki na nani ataondoka, na mimi mwenyewe nilikuwa kwenye ile orodha niliyokuwa naichapa.

Jumatatu majimbo 22 yakaenda mahakamani na siku hiyo hiyo jaji kule Massachusetts akasimamisha. Kwa hiyo karatasini hakuna kilichotokea. Ila kwenye jengo letu kilitokea, maana chuo kikasitisha ajira mpya, kijana mmoja aliyekuwa ameshahama jimbo na mke wake na mizigo kuja kuanza kazi maabara akaambiwa asubiri, akasubiri mpaka akachoka akaenda kufanya kazi nyingine kabisa isiyo na uhusiano na sayansi. Huyo hayuko kwenye hukumu ya mahakama yoyote.

Niseme na hili kwa sababu wenzangu Wamarekani wengi hawalijui. Mshirika wa nje ya Marekani, hospitali ya Tanzania, taasisi ya Kenya, chuo cha Uganda, kwa miaka mingi NIH imekuwa ikimlipa ovahedi asilimia 8. Nane. Wakati huku watu wanalia na 15, na wana sababu ya kulia, kule wameendesha utafiti wa dunia nzima kwa nane, jenereta inayoungurumisha friza mafuta yake yanatafutwa kwa kuungaunga. Kwa hiyo yakitokea mabadiliko ya ghafla kule hakuna akiba ya kusogeza hata wiki mbili. Hilo liwekeni akilini tunapoenda kwenye kisa chenyewe.

Mradi ninaoushughulikia ni wa akina mama waliopata presha kali au kifafa cha mimba. Mama akishajifungua watu wanadhani imeisha, anarudi nyumbani, kumbe wengi presha inabaki inawatafuna kimya kimya, na mama ambaye hajawahi kuambiwa kwamba hatari bado ipo hawezi kurudi kupima. Mradi unawafuata kwa miaka, wanapimwa presha, figo, moyo, wanatolewa damu kidogo inayohifadhiwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Wengine wako huku kwenye jimbo letu, wengine wako Kanda ya Ziwa, na hela ya kule inapitia chuo chetu kwa mkataba mdogo, yaani NIH inakipa chuo cha Marekani na chuo kinampa mshirika. Miaka na miaka ndivyo ilivyofanyika.

Alhamisi Mei 1, 2025, likatoka tangazo kwamba NIH haitatoa tena granti yenye mkataba mdogo wa nje, iwe mpya, iwe ya kuendeleza, iwe hata ule mwaka wa katikati wa granti inayoendelea, mpaka muundo mpya utengenezwe, na muundo huo ulitarajiwa si zaidi ya Septemba 30. Sababu iliyotolewa ni kwamba hela ikishafika chuo cha Marekani serikali haioni vizuri inakoelekea baada ya hapo, na GAO, wakaguzi wa serikali, walishalisema hilo mapema. Sababu naikubali kabisa. Mimi ndo nazifuatilia hizo hela, najua mfumo wa kuripoti ulivyokuwa na matundu, na muundo uliokuja baadaye, kwamba mshirika wa nje apewe granti yake mwenyewe iliyofungamana na ile kuu, una faida zake, kwa mara ya kwanza hospitali ya kule itajulikana kwa jina lake kwenye vitabu vyenu badala ya kuwa mstari ndani ya bajeti ya mtu mwingine. Ugomvi wangu hauko hapo.

Ugomvi wangu ni kwamba nyumba ya zamani ilibomolewa Mei na mpya ikaahidiwa mwisho wa Septemba, na ndani kulikuwa na watu.

Mwaka wetu wa bajeti unaanza Julai 1, ripoti ya maendeleo inatakiwa Mei 15. Na hapa nageuka kwa nyie makamu wakuu wa utafiti, maana lawama hii haiendi Bethesda. Ofisi yetu ya utafiti chuoni ina jarida la kila wiki la taarifa za kiutawala. Tangazo la Mei 1 liliwekwa kwenye jarida lililotoka Ijumaa ya wiki iliyofuata, mstari wa saba, kati ya mafunzo mapya ya usalama wa kompyuta na mabadiliko ya maegesho ya magari, kichwa chake kikiwa "taarifa kuhusu washirika wa nje", hamna maelezo zaidi, kuna linki tu. Mimi nilikuwa nimezama kwenye ripoti. Nililifungua Jumatano Mei 14 saa mbili usiku, ripoti inatoka kesho yake, na ripoti yangu yote imejengwa juu ya kitu ambacho kwa wiki mbili nzima kilikuwa kimeshasitishwa. Nilisoma mara tatu. Nikapiga simu kwenye ofisi hiyo asubuhi, nikaambiwa tunasubiri maelekezo. Nikauliza nani anayesubiri, yaani jina la mtu, hamna aliyeweza kuniambia. Sio kwamba ni watu wabaya, na wao walikuwa wamelemewa, wiki hiyo granti za watu zilikuwa zinafutwa huku na huku. Lakini hebu fikirini, bodi ya maadili ya chuo hicho hicho ingenirudishia fomu kwa kukosa jina moja la mtu wa kupigiwa.

Julai 1 ikafika, sehemu ya Marekani ikaendelea, sehemu ya kule hela haipo.

Kule yuko muuguzi wetu kiongozi, sote tunamwita Sista. Ni mtu mzima, amenizidi kwa miaka mingi, mimi ananiita mwanangu. Siku ile nilipompigia kumwambia nilianza na shikamoo, nikazunguka weee nikiuliza habari za mvua na wajukuu, mpaka akanikatisha, "Mwanangu, sema." Nikasema. Akanyamaza kidogo, halafu hakuuliza mshahara wake. Aliuliza, "Sasa hawa akina mama niwaambie nini?" Sikuwa na jibu, na siku ile hakuna mtu yeyote kwenye jengo letu aliyekuwa nalo.

Kwenye mlango wa ile friza kuna karatasi imebandikwa, inajazwa asubuhi na jioni kwa mkono, tarehe, saa, nyuzi, sahihi. Kuanzia Julai, Sista akawa ananitumia picha ya karatasi hiyo kwenye WhatsApp kila siku bila mimi kumwomba. Asubuhi huku naamka naikuta. Chini ya sifuri 79. Chini ya sifuri 78. 79. 79. Ilikuwa kama anataka mtu mmoja tu duniani ashuhudie kwamba bado anailinda. Usiku mmoja wa Agosti umeme ulikatika, mafuta ya jenereta yalikuwa yanalipwa na mradi na mradi hauna hela, picha ya alfajiri ikaja inasema chini ya sifuri 61, mwandiko wake umepinda. Alikuwa amechukua boda usiku ule kwenda kununua dizeli kwa hela yake mwenyewe, akarudi na dumu katikati ya mapaja. Jioni ikasoma 77. Ndani ya ile friza kuna damu ya miaka minne ya akina mama waliosaini fomu inayosema sampuli yako itatunzwa vizuri. Waheshimiwa, ile sahihi ilikuwa ya kwenu pia, maana jina la mfadhili limeandikwa pale pale kwenye fomu.

Na kila Jumanne alifungua chumba cha kliniki ya mradi. Bila posho, yeye na kijana mmoja wa maabara. Presha alipima, damu hakutoa, maana bila mradi kuwa hai hana ruhusa ya kutoa. Akina mama walikuwa wanauliza kulikoni leo hakuna sindano, anawaambia tunasubiri. Wengine waliacha kuja. Utafiti wa kufuatilia watu ukishampoteza mtu kumrudisha ni kazi, amehama, simu imebadilika, au basi tu ameona nyie ni wale wale wanaokuja na kuondoka. Miaka minne ya kujenga imani nyumba kwa nyumba, na imani hiyo haina mstari kwenye bajeti ambao ningeweza kuwaonyesha mkaona imeshuka.

Kiangazi hicho hicho ikafunguliwa njia ya muda kwa utafiti unaohusisha binadamu, hela ya kule iweze kutoka kama nyongeza. Tukashukuru. Ila chuoni kwetu hakuna aliyejua ni fomu ipi, mwanasheria anasubiri ofisi ya mikataba, ofisi ya mikataba inasubiri mwanasheria, wiki zikaenda. Hela ilifika wiki ya mwisho ya Septemba. Oktoba 1 serikali ya shirikisho ikafungwa, siku 43, mpaka Novemba 12. Tungechelewa siku chache tu tungeingia kwenye shimo jingine. Najua miradi iliyoingia.

Naomba nisieleweke kama naomba huruma kwa Afrika. Hii kazi inarudi huku. Mwaka 2006 NIH ilisimamisha mapema majaribio mawili iliyoyafadhili, Kisumu kule Kenya na Rakai kule Uganda, kwa sababu ilishaonekana wazi kwamba tohara inapunguza karibu nusu ya hatari ya mwanaume kupata virusi vya Ukimwi kwa mwanamke, na mwaka uliofuata WHO ikatoa mwongozo kwa dunia. Kuna ile sindano ya kuzuia Ukimwi, cabotegravir, ambayo FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliipitisha Desemba 2021. Sehemu kubwa ya ushahidi kwamba inafanya kazi kwa wanawake ilitoka kwa wanawake zaidi ya 3,200 wa nchi saba za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, kwenye jaribio lililofadhiliwa na NIH. Leo mwanamke wa Atlanta akichomwa sindano ile anachomwa kwa sababu kuna dada wa Kiafrika alirudi kliniki kila mara alipoitwa. Na huu wetu wa presha ya mimba, kwenye jimbo letu huku nina majirani weusi kwa weupe waliozikwa na ugonjwa ule ule. Tunalinganisha makundi mawili ili tujue nini hasa kinaendelea mwilini baada ya mimba. Ukikata upande mmoja, huu mwingine unabaki na hela zake na namba zisizo na cha kulinganishwa nacho.

Na mnaweza, hilo ndo linaloniuma zaidi. Julai 17, 2025 mlitangaza kwamba mtafiti mkuu mmoja hataruhusiwa kutuma maombi zaidi ya sita kwa mwaka, na maombi yaliyoandikwa kwa sehemu kubwa na akili bandia hayatapokelewa. Ni badiliko kubwa, kuna watu lilikuwa linawagusa moja kwa moja. Lakini lilikuja na tarehe ya kuanza, Septemba 25, zaidi ya miezi miwili mbele, na maelezo ya kwa nini. Maprofesa wangu walinung'unika, tukakaa mezani tukapanga nani anatuma nini lini, ikaisha. Nilienda nyumbani saa kumi na moja nikapika. Hakuna aliyelala ofisini, hakuna aliyenunua dizeli usiku. Tofauti kati ya tangazo lile na yale ya Februari na Mei ni wiki kumi na kujua nani wa kumuuliza.

Sasa ombi langu ndo hili, Dkt. Bhattacharya mkurugenzi wa NIH, na wenzako wote. Kile mnachotulazimisha tumfanyie mshiriki, tufanyieni na sisi. Mkitaka kubadilisha jambo linalogusa mradi wenye watu ndani yake, tuambieni kabla halijaanza, siku 90 angalau, ni muda wa kumfikia kila mama kwenye ziara yake ya kawaida na kumweleza ana kwa ana. Muhtasari uwe juu, mstari wa kwanza, nini kinabadilika na kwa nani, sio nisome mpaka chini kabisa ndo nigundue kwamba mwaka wa katikati wa granti na wenyewe umo. Muwe na jina la mtu na namba inayopokelewa. Na kama mradi lazima ufe, basi toeni hela ya kuuzika kwa heshima, miezi kadhaa ya nesi na mafuta na usafiri, ili mama aambiwe majibu yake, apelekwe kliniki ya kawaida na barua mkononi, na damu yake ihamishwe au iharibiwe kama fomu ilivyomwahidi. Hiyo sio hela nyingi. Nimeipigia hesabu kwa mradi wetu, kwa upande wa kule ni chini ya mshahara wa mwaka wa mtaalamu mmoja wa maabara huku kwetu.

Nyie makamu wakuu, kwenu ni jepesi zaidi na halihitaji ruhusa ya Washington. Msituwekee linki tupu. Muwe na mtu mmoja, mmoja tu, ambaye kazi yake asubuhi ni kusoma matangazo ya NIH na kukaa na orodha ya miradi yote ya chuo, halafu anapiga simu, "mradi wako namba fulani umeguswa, njoo tuongee". Tulipokuwa tunagombea hela mlitupigia simu kila siku. Na mikataba midogo ya washirika wa nje iwe na mahali pake pa kusainiwa haraka, msiwaache wale watu wenye asilimia 8 wasubiri foleni moja na manunuzi ya viti. Pia tafadhali sana, waandikieni. Barua moja kwa mkurugenzi wa hospitali ile ya kule yenye sahihi ya mkubwa wa chuo, kumwambia kilichotokea na kwamba kosa halikuwa la watu wake. Mpaka leo hajapata. Sista ndo amebeba lawama zote pale kijijini, kwa sababu uso wanaoujua ni wake.

Akina mama wenyewe tumewarudia karibu wote, sio wote. Kuna mmoja Sista alimfuata mara tatu mpaka kisiwani walikohamia, akamkuta, mama akamwambia nitakuja lakini niahidi hamtaondoka tena. Sista akanipigia usiku ule kuniuliza kama anaweza kumuahidi. Nimeshindwa kumjibu kwa sababu jibu hilo sinalo, mnalo nyie.

Ripoti yetu ya mwaka huu inatakiwa Mei 15, nimeshaanza kuiandika. Mwaka wa bajeti unaanza Julai 1. Kwenye daftari la Sista kliniki za Julai zimeshajazwa, akina mama 41, wa kwanza anakuja Alhamisi tarehe 2 saa tatu asubuhi. Naomba kabla ya siku hiyo tuwe tumeambiwa.

Wenu katika kazi,
Mratibu wa granti, shule ya udaktari